Punje za Bluu Katika Bwawa la Kitsa

Kitsa alimwachia mkewe Kavuo bwawa la samaki bondeni, chini ya nyumba yao ya Butembo, pamoja na sharti moja: maji ya jikoni yaende bwawani, maana yananenepesha samaki, lakini maji ya povu, kamwe. Alipokufa, Kavuo alilishika sharti hilo kama sala. Uani kwake aliwapamba mabibi arusi wa mtaa, na maji ya sabuni aliyabeba kwa beseni hadi shimoni, nyuma ya migomba. Ila ile dawa ya kusugulia uso, gommage yenye punje ndogo za bluu, haikutoa povu. Maji yake aliyamwaga kwenye mfereji wa bwawani pamoja na ya kuoshea muhogo.

Siku ya kumaliza matanga ikafika. Ukoo ulitaka kula samaki wa marehemu. Wangewakosa, wangesema mjane amekwisha kumsahau. Florentine, dada ya Kitsa, alimpasua wa kwanza, akacheka.

"Mulamu, kuya uone! Samaki yako ilijipaka gommage. Inaolewa na nani?"

Kavuo alizitambua zile punje tumboni mwa samaki kabla hajainama. Florentine akapasua mwingine, na mwingine, kicheko kikamkauka. Kavuo akatia punje chache kwenye kijiko, akakishika juu ya makaa. Hazikuwa chumvi, wala mchanga. Ziliyeyuka, zikanuka kama mfuko wa plastiki unaoungua.

"Mutoshe matumbo, mutupe, tupike tu," akasema Ézéchias, mdogo wa marehemu, jembe begani. "Kiisha tufungule bwawa, ile maji yote iende ku Kimemi. Donc, tutaanza mupya."

"Na bale banachota kule chini?" Kavuo akauliza.

"Kimemi ni muto, mulamu. Maji inaenda tu, mpaka ku bahari."

"Ku bahari nako kuko samaki."

Kavuo alisimama mbele ya ubao uliozuia maji, mpaka Ézéchias akaliweka jembe chini. Samaki waliobaki waliibuka midomo wazi, wakidhani amewaletea chakula.

Matanga yalimalizwa kwa maharagwe na makayabu, wale samaki wa chumvi wa baharini, kutoka sokoni. Mzee mmoja akauliza, kwa sauti ya kusikika, kama bwawa la Kitsa limekauka. Kavuo alichukua kipande cha makayabu. Alitafuna polepole, akiupitisha ulimi juu ya kila kipande, akitafuta punje.