Sinia Lililorudi na Visheti

Mwanzoni mwa miaka ya sabini niliajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti katika shamba la mkonge la umma, upande wa barabara iendayo Msata. Nilikuwa nimesajiliwa chuoni kwa shahada ya pili, na vipimo vya udongo wa shamba lile ndivyo vilivyokuwa msingi wa tasnifu yangu. Kupoteza kazi kulikuwa ni kupoteza vyote viwili.

Meneja alinifuata katika chumba cha sampuli, akatia komeo, akanishika kifua. Sitaki kuongeza neno wala kupunguza. Nilimsukuma, nikatoka, na kesho yake nikapeleka malalamiko kwa kamati ya wafanyakazi. Katibu alinisikiliza huku akichokonoa meno.

"Meneja mzima amekupenda, dada. Wenzio wanatafuta hirizi kwa bahati hiyo."

"Sikuleta habari za kupendwa. Nimeleta malalamiko."

"Basi utangoja, kama wanavyongoja wenye malalamiko."

Sikungoja sana. Nilihamishiwa kituo cha kupimia mkonge karibu na Mkange, pasipo gari wala nyumba. Na niliposhindwa kufika, niliachishwa kazi kwa utoro. Ndipo nilipofungua shauri mbele ya baraza la usuluhishi wa kazi, nikidai kurudishwa.

Shauri likiwa bado halijasikilizwa, nami nikiwa Dar es Salaam, wazee waliotumwa na meneja walifika nyumbani kwetu Bagamoyo na sinia la halua. Walisema mwenzao anataka mambo yaishe kwa heshima. Mjomba, aliyetulea baada ya baba kufariki, aliwajibu kwamba amesikia, basi.

"Wamekuja mchana kweupe na kanzu zao," alinieleza baadaye. "Ningewafungia mlango vipi, mwanangu?"

Sinia lilibaki kwa Mama, na kwa desturi aliyolelewa nayo hakuweza kurudisha chombo cha watu kikiwa kitupu. Alikaanga visheti, akalijaza, akalifunika kwa kawa, akalipeleka.

"Hata kwa mtu aliyenifanyia vile?" nilimwuliza.

"Visheti si vyake. Ni vya sinia."

Barazani, meneja hakukana kwamba alinifuata. Alieleza kwa upole kwamba nia yake ilikuwa kuoa, kwamba alituma wazee, na kwamba sinia lake lilirudi limejaa. Kwa hiyo alijihesabu amekubaliwa. Hayo mengine, alisema, ni ugomvi wa wachumba.

Nilisimama. Nilisema wazee walikuja baada ya mimi kufukuzwa, si kabla.

"Nia ya mtu ina tarehe, binti?" aliuliza mwenyekiti, mtu wa bara. Watu wakacheka.

Mjumbe mmoja alikuwa mzaliwa wa mtaa wetu. Bakuli za mkewe zilikuja kwetu kila Ramadhani, na zetu zikaenda kwake. Nilimgeukia.

"Mzee wangu, kwenu chombo cha jirani hurudi vipi?"

Aliiweka kofia yake sawa. "Tuendelee na shauri," alisema.

Nimekifikiri kimya kile kupita kiasi. Huenda alimwogopa meneja. Huenda aliona haya kuzungumza habari za majiko ya wanawake mbele ya wageni. Kila sababu ninayompatia inaniacha palepale.

Baraza liliamua kwamba mambo ya uchumba hayako katika mamlaka yake, na kwamba utoro umethibitika. Chuo nacho kilinifuta, kwa kuwa sikuwa tena na shamba la kufanyia utafiti. Sampuli zangu zilibaki nyuma ya komeo lile lile.

Nilirudi Bagamoyo na hukumu ile. Mama alinitengea chai, akakaa mkekani, akasema, "Ningelirudisha tupu, ungeshinda?"

Nilitaka kusema ndiyo, ili angalau kushindwa kwangu kuwe na sababu. Nilitaka kusema hapana, ili apate usingizi. Nilipokuwa bado napima lipi ni la kweli, aliinuka, akaondoa kikombe changu kabla sijamaliza chai.

Tangu hapo vyombo vya majirani vilivyoingia kwetu vilioshwa, vikafutwa, vikapangwa kabatini. Mama hakuvirudisha vikiwa tupu wala vimejaa, na baada ya muda majirani waliacha kuleta.