Mbegu ya mama imenifunga mudomo

Leo banamama kumi na mbili balinipigia makofi, na mi nilikuwa natafuta mulango ya kutorokea.

Mwaka jana nililetea mama mbegu ya mahindi ya hybride. Akaipanda, ikarefuka kupita nyumba!

Kumbe akachagua mahindi ya mukubwa zaidi ya kuwa mbegu, akaitundika juu ya moshi ya jiko, vile bibi yake alikuwa anafanya.

Leo kisha misa, mama akatosha mufuko mbele ya banamama ba kikundi ya kanisa: "Hii mbegu ni ya mutoto yangu, ingénieur wa mashamba wa université ya Kasapa. Kila mama achukue kopo moja."

Weee mama!

Hybride inapata nguvu sababu bazazi yake ni mbegu mbili tofauti. Ukipanda tena mbegu yake, ile nguvu inapunguka: ingine murefu, ingine mufupi, mavuno inashuka.

Lakini nikisema, namupatisha mama haya mbele ya bote.

Nikafungua mudomo. Mama presidente wa kikundi akaniwahi: "Ingénieur, ombea mbegu."

Nikaomba. Bakaitika amina.

Nikajiambia, nitamuelezea mama ku njia, sisi babili tu.

Mvua ya kwanza ikaanza. Banamama bote bakakimbia kupanda.

Sasa mama ananiita na jembe: "Kuja, shamba ya kwetu ingali bado."

Ingekuwa weye, ungesema?

Mi niko napanda mustari ya tatu.