Kampala Baada ya Msiba

Mwaka ule nilikuwa nimechoka hata nikigeukia ubao kuandika, nasahau nilichotaka kuandika. Watoto wa darasa walinisubiri kimya, chaki ikiwa mkononi mwangu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kishapu, mama wa watoto watano, na nilikuwa nimetoka kumzika mama yangu. Alipooza upande mmoja, akalala kwangu miaka miwili. Nilimwogesha asubuhi kabla ya shule, nikamwogesha tena jioni, na usiku nikaamka kumgeuza mgongo usije ukafanya vidonda. Maji tuliyafuata mbali. Alipofariki watu waliniambia, "Sasa utapumzika." Wapi. Mwili ulishazoea kuamka, ukawa unaamka bure.

Nilikuwa na marafiki wawili Shinyanga mjini. Mmoja nesi, aliyelelewa misheni, mwembamba, mwenye haraka. Wa pili mke wa mwenye duka la vitambaa, Mwislamu, mnene, mcheshi, ambaye shangazi yake aliolewa Kampala. Habari ya siku ya kuzaliwa aliianzisha nesi.

"Mwalimu, mwezi wa sita unatimiza thelathini na tano. Kwa masista tulikuwa tunakata keki."

"Tarehe hiyo aliiweka mwalimu aliyeniandikisha shule," nikamwambia. "Mama alisema tu nilizaliwa watu wakivuna pamba."

"Basi si ndiyo hiyo hiyo? Pamba huvunwa lini?"

Mke wa mwenye duka akadakia, "Tumpeleke kwa shangazi yangu. Akibaki hapa tutamzika na yeye."

Mume wangu alikubali upesi kuliko nilivyotaka. Dada yake akaja kukaa na watoto. Siku hizo kwenda Uganda halikuwa jambo la kutisha, mambo ya huko yalikuwa hayajaharibika. Tukapanda treni hadi Mwanza, kisha meli iliyopitia Bukoba. Nesi alisimama ukingoni akiimba nyimbo za kanisani. Mimi nililala chini, kichwa juu ya mkoba, nikitapika kila ziwa lilipochafuka, na mke wa mwenye duka akinipangusa kwa upande wa khanga yake.

Nyumba ya shangazi ilikuwa Kibuli, kimoja cha vilima vya Kampala, mtelemkoni, migomba nyuma yake. Tulimwamkia, akaitikia, "Marahaba wanangu, poleni na safari," akatupa matoke na mchuzi wa karanga. Nilikula kidogo, nikasinzia nimekaa.

Kesho yake nesi alituamsha mapema. Alishauliza kila kinachofaa kuonwa. Mimi ni mtu wa mbuga. Kwetu ng'ombe wa jirani unamwona angali mbali sana anakuja. Kampala ni vilima, na kila kizuri wamekiweka juu. Tulipanda hadi kanisa kuu, tukaambiwa tutazame mji ulivyo chini. Nilitazama. Ulikuwa mzuri, mabati mekundu katikati ya kijani. Lakini nilichofikiri ni kwamba sasa tutateremka, na huko chini kuna kilima kingine.

Sokoni niliulizia bei ya ndizi kwa Kiswahili, mama muuzaji akageuza uso, akanijibu kwa Kiganda.

"Kiswahili hapa ni cha askari," mke wa mwenye duka akacheka. "Anadhani umekuja kumkamata."

Mchana jua lilikuwa kali na viatu vyangu vipya vimeanza kunichubua. Nesi akasema bado makaburi ya wafalme, nyumba kubwa ya nyasi, watu wanatoka Ulaya kuja kuiona. Tulifika chini ya kilima chake. Nikakaa kwenye majani kando ya njia.

"Nendeni. Mtanikuta hapa."

"Mwalimu, umetoka Shinyanga mpaka hapa, usione makaburi ya wafalme?"

"Kaburi nimeshaliona mwaka huu," nikasema.

Sikukusudia kumwumiza, ila ndivyo lilivyotoka. Mke wa mwenye duka alivua viatu vyake, akakaa karibu nami. Hakuna aliyepanda. Tulirudi Kibuli, na nesi akalala ameelekea ukutani.

Siku yenyewe ya kuzaliwa ilifuata. Wenzangu walitoka kutafuta keki. Nesi aliaga mlangoni bila kuniangalia. Nikabaki kitandani. Mvua ilianza, mvua nzito ambayo kwetu ingewatoa watu wote nje kuitazama; pale hakuna aliyeinua kichwa. Nikalala, nikaamka, nikalala tena. Hakuna aliyeniita. Mara ya mwisho nilipoamka, shangazi alikuwa amesimama mlangoni.

"Maji yako yako tayari, mwanangu. Nimeyapeleka bafuni."

Niliruka. Mama mtu mzima, amebeba ndoo ya maji ya moto ua mzima kwenye matope, kwa ajili yangu! "Shangazi, ungeniita nibebe mwenyewe."

"Ungebeba na nini? Nenda, yasipoe."

Alikuwa ameweka sabuni mpya, na kipande cha dodoki, na kigoda cha kukalia. Nikakaa. Nilipomwaga kata ya kwanza mgongoni nilianza kulia, si kwa heshima, kwa sauti, kama ninavyodhani sikulia hata msibani, maana msibani nilikuwa napika. Miaka miwili nilichota, nikachemsha, nikabeba. Hakuna aliyekuwa amenichotea mimi. Shangazi alinisikia, bila shaka, ukuta ulikuwa wa mabati. Hakuuliza. Nilipotoka nilimwambia "Wabeja," ndiyo asante ya kwetu, nimesahau kwamba Kisukuma hakijui, naye akaitikia tu, "Haya, mwanangu," akaendelea kumenya ndizi.

Wenzangu walirudi wameloa. Keki ilikuwa imebonyea upande mmoja na karatasi imeshikamana na sukari. Nesi aliiweka mbele yangu.

"Nilifikiri ukiona vitu vingi utachangamka," akasema. "Mimi nikichoka hutembea."

"Mimi nikichoka hukaa."

"Sasa najua."

Akaimba wimbo wake wa misheni peke yake, sisi wengine hatukuujua. Tukala keki kwa mikono. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Shangazi alimeza kipande kimoja akaomba chai isiyo na sukari.

Kurudi nilitapika tena kama kwenda. Treni ilipoingia Shinyanga vumbi lilikuwa lile lile, na mume wangu alikuwa amekuja na baiskeli.

"Kampala kukoje?" akauliza.

"Kuna vilima vingi."

Akafunga mkoba wangu nyuma ya baiskeli, akaniambia mtoto wa mwisho ana homa tangu juzi. Tukaondoka, yeye akisukuma, mimi nikifuata polepole.