Watoto wanakula masalio ya wageni, wakiugua tunasingizia jicho

Wakuu, asalaam aleikum.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta nikiogopa mtu wa Garissa atanitambua. Leo nimechoka kuogopa. Haya yametokea nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi.

Mimi ni binti, nina digrii ya public health, kazi bado. Naishi kwa dada yangu. Shemeji anauza mbuzi, kwa hiyo wageni hawakauki: leo wa Bute, kesho wa Dadaab.

Wageni wakija, wanaume wanapelekewa sinia la wali na nyama. Lazima lijae, kwa sababu sinia likirudi tupu ni aibu. Linarudi na nusu. Hiyo nusu inafunikwa na kuwekwa jikoni mpaka watoto wa dada watoke dugsi, yaani madrasa, baada ya alasiri.

Jikoni kwetu ni mabati. Joto la Garissa mnalijua.

Na friji ipo! Hilo ndilo linanichoma. Friji ipo, imejaa soda na maji ya wageni.

Siku moja watoto walikula hiyo nusu kama kawaida. Kabla ya maghrib wote walikuwa wanashika matumbo. Sumeya, wa miaka minne, alitapika mpaka akawa anatoa maji matupu. Macho yakaingia ndani.

"Ni jicho," dada akasema. Eti mgeni mmoja alizisifu nywele za Sumeya bila kusema mashallah. Akaitwa mzee wa jirani aje kumsomea.

Wakuu, sipingi dua. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba. Ninachopinga ni kukaa tunangoja huku mtoto anakauka. Nilipiga kelele mpaka tukapanda tuktuk kwenda hospitali.

"Mama, mtoto amekula nini leo?" daktari akauliza.

"Hajala kitu," dada akajibu.

Hajala kitu! Mtoto analegea mikononi mwake, yeye analinda jina la nyumba.

"Amekula wali wa mchana, daktari," nikasema. "Ulikaa nje tangu adhuhuri."

Dada alinitazama kama nimemvua buibui mbele za watu. Lakini Sumeya alitundikiwa drip, na alhamdulillahi akarudi kwetu.

Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Nikajiuliza: labda ni maji ya bouser, yale ya lori? Labda mikono? Labda nimewasingizia wali? Lakini wageni walikunywa maji yaleyale. Waliokula chakula kikiwa moto hawakuumwa hata mmoja. Waliokula kilicholala kwenye joto waliumwa wote.

Basi nikawakalisha jikoni, dada na watoto. Nikawaambia mikono ioshwe kwa sabuni. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto letu hata saa moja ni nyingi. Kupasha moto siyo dawa, kwa sababu wali uliokaa unaweza kutengeneza sumu isiyoondoka kwa moto. Na fungu la watoto lipakuliwe kwanza, kabla ya sinia, liingie kwenye friji mahali pa soda.

"Habaryar, kwa hiyo soda zitoke?" kaka yake Sumeya akaniuliza; habaryar ni mama mdogo.

"Zitoke."

"Basi sisi tutasaidia kuzitoa!"

Hao walielewa haraka. Wakubwa ndio kazi.

"Digrii imekosa ofisi," shemeji akasema akiwa mlangoni, "sasa imeingia kwenye sufuria yangu."

"Abaayo, ndugu yangu," dada naye, "watoto wapakuliwe kabla ya wageni? Watu watasema nini?"

"Hao watu walikuwa wapi Sumeya akiwa kwenye drip?"

Akainuka, akaenda kuosha sinia.

Wageni walipokuja tena, nilipakua fungu la watoto nikaliweka kwenye friji. Shemeji akaja kuchukua sinia, akaona halijajaa.

"Rudisheni chakula humu. Mnataka kunifedhehesha?"

Dada akaifungua friji. Nikajua basi, imekwisha.

Akatoa ndizi, zile za kulia wali. Akazipanga juu ya wali, moja moja, mpaka sinia likaonekana limefurika. Akafunga friji akaiegemea kwa mgongo.

"Peleka," akamwambia mumewe. "Cha watoto hakitoki."

Shemeji hadi leo hanisemeshi. Sawa tu. Bado nina hasira, kwa sababu najua kuna nyumba nyingi ambako sinia limefunikwa sasa hivi kwenye joto, likingoja mtoto wa miaka minne.

Nilichojifunza: kumkirimu mgeni ni ibada, lakini mtoto si pipa la kumalizia alichobakiza. Mpakulie yeye kwanza, sufuria ikiwa bado ya moto.

Wenye matusi leteni, nimeshayazoea nyumbani. Ila kabla hujaandika, nijibu moja: kwenu, wageni wakija, watoto wanakula saa ngapi?