Kitambaa cha Moto Ndani ya Stoo

Daktari wa macho aliponiambia macho yangu ni makavu, nilidhani ananitania. Nilikuwa nimekaa mbele yake machozi yananichuruzika hadi kwenye ndevu, leso imelowa, halafu mtu mzima na koti lake jeupe ananiambia makavu. Akanieleza taratibu kwamba mafuta yanayolainisha jicho yameganda kwenye kingo za kope, jicho likikauka linawaka, na likiwaka linamwaga machozi ovyo yasiyosaidia kitu. Dawa yake ilinikera zaidi. Kitambaa safi kilichochovywa kwenye maji ya moto kiasi, nifumbe macho na kuyafunika mpaka mafuta yalainike, kisha nifute kope polepole. Vumbi likiniwasha, kitambaa cha maji baridi. Na hivyo kila siku. Mimi nilikwenda pale nikitaka sindano.

Nauza vitambaa Kariakoo. Watu wananiletea kipande kisichozidi kiganja, wananiambia, "Mzee, tunataka sare za harusi rangi hii hii," nami bila hata kukisogeza mlangoni nawashushia jora lenyewe. Hiyo ndiyo sifa yangu pale mtaani. Wanaoniletea mzigo wa jumla wanajua huwezi kunibambikia polista ukaiita pamba. Sasa mtu wa namna hiyo ajulikane macho yamemharibikia? Wangenimaliza. Na tuseme ukweli, niliona aibu pia. Mwanaume mwenye mvi zake kulala chali na kitambaa usoni kama mtoto mwenye homa! Basi nikawa najificha; aliyejua ni mke wangu tu.

Mchana, vumbi la mtaa likishanijaa, namwomba jirani yangu, mama anayeuza viatu duka la pili, aniangalizie wateja. Naingia stoo, nafunga mlango kwa ndani. Humo nina chupa ya chai yenye maji ya moto niliyotoka nayo nyumbani, bakuli, na kipande cha khanga kuukuu ya mke wangu. Nachanganya maji, naonja joto lake kwa ndani ya mkono, nakamua kitambaa, nalala juu ya majora. Kitambaa hakikawii kupoa, kwa hiyo unachovya, unakamua, unalala tena. Stoo ile ina unyevu na vitambaa hushika harufu ya ukungu, nikawa nachoma na udi kidogo. Daktari angejua habari ya moshi ule angenifukuza. Nikitoka nimepata nafuu, mwili umelegea, nasalimia watu kwa upole ambao si kawaida yangu, maana mimi ni mkali.

Hebu jiweke mahali pa jirani yangu. Mzee ana macho mekundu, anajifungia mchana kweupe, moshi unapenya chini ya mlango, halafu anatoka ametulia. Mimi mwenyewe sikuwahi kuyaunganisha hayo.

Nyumbani kwetu ni Buguruni, naishi na mke wangu na binti yetu wa mwisho, anayefanya kazi kwa mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Kila asubuhi kabla sijatoka alikuwa ananitilia peremende kwenye mfuko wa shati. "Za kazini, baba," anasema. Nilijivuna nazo sana. Wenzangu wakilalamika dukani kwamba watoto wa siku hizi hawana habari na wazazi, mimi najipapasa mfuko na kuwagawia.

Ikaja barua ya posa yake. Kijana mwenyewe ana adabu, binti anamtaka, sisi hatukuwa na neno. Wazee wake wakapanga kuja Jumapili kupokea jibu. Mke wangu akapika pilau, nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, macho nikayatuliza mapema kwa kitambaa cha baridi yasije yakaniaibisha. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Hakuna aliyekuja, hata simu hawakupiga. Binti yangu akafunika masufuria na kuingia chumbani kwake.

Siku ya pili yake mke wangu alirudi kutoka kwa shangazi wa yule kijana, akakaa hata buibui hajalivua.

"Wanasema baba wa binti anavuta bangi."

Nilicheka. Kisha nikaona hacheki.

Kumbe mshenga wao alipita Kariakoo kutuulizia, kama ilivyo desturi kabla ya kuoza na kuoa. Akamkuta mama wa viatu, akamuuliza niko wapi, akajibiwa, "Msubiri, kajifungia stoo, akitoka utamkuta ametulia." Na moshi akauona mwenyewe.

Nikasimama nikamfokee yule mama.

"Utamfokea nini?" mke wangu akasema. "Kaulizwa, kasema anachokiona. Mwite mshenga, aje aone hicho unachokificha."

"Nilale mbele ya mgeni na khanga usoni?"

"Wewe unaona aibu ya khanga. Mwanao anaachwa."

Nikatuma aitwe. Mshenga akaja jioni ya kesho yake, mzee wa rika langu, amekaa wima kwenye kochi na bakora yake. Nikajilaza kwenye mkeka sebuleni kwangu mwenyewe, tumbo juu, miguu mitupu imemwelekea mgeni. Mke wangu akaeleza maneno ya daktari. Binti yangu akapiga magoti na bakuli, akakamua kitambaa, akanifunika. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilimsikia mgeni anakunywa juisi, halafu kochi likalia, hatua zikasogea, maji yakatikisika. Alichovya kidole kwenye bakuli akakinusa! Mke wangu ndiye aliyenisimulia baadaye. Mimi nilisikia tu akivuta pumzi puani, nikabana meno, nikatulia kwa ajili ya mwanangu.

"Ni maji tu?" akauliza.

"Maji tu," nikasema chini ya khanga.

"Basi tuwie radhi, ndugu yangu. Jumapili tutakuja."

Mke wangu akamsindikiza hadi barabarani. Mimi nikabaki nimelala, moyo umeanza kutua. Binti yangu alikuwa bado amepiga magoti pale pale, sikusikia akinyanyuka.

"Baba," akasema. "Kwa hiyo ulikuwa huvuti?"

Nikafunua jicho moja. Alikuwa anaangalia bakuli.

"Na wewe uliamini?"

"Nilipita dukani mwaka jana, nikauona ule moshi. Sikumwambia mtu, hata mama. Nilishakusamehe, baba." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa bakuli. "Zile peremende zilikuwa za kuondoa harufu."

Mwaka mzima mwanangu alinibebea siri ambayo haikuwepo, nami nikiigawa mtaani kwa majivuno. Machozi yakaanza kunitoka, na safari hii hayakuwa yale ya daktari. Akayaona, akachukua kitambaa.

"Nikuwekee cha moto au cha baridi?"

"Chochote," nikamwambia. "Nifunike tu."