Ushuhuda Wangu wa Kodi Iliyorudi

Nitawasimulia, lakini mkicheka mcheke kwa adabu, kwa sababu mimi nikikumbuka bado natafuta pa kuficha uso, na hapa Kaloleni kuna njia moja naiogopa mpaka leo (ile ya kibanda cha mboga, kwa kuwa yule muuzaji huniita "Mheshimiwa wa Kodi" mbele ya wateja, halafu ananiongezea sukuma ambayo sikuiomba).

Mimi ni karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni kule Industrial Area, na mshahara wangu hukatwa kabla sijauona, kama wa kila mwajiriwa. Sasa, nina bima ya masomo ya binti yangu Sheila, na kumbe mtu mwenye bima ya namna hiyo anastahili kukatwa kidogo, ila karatasi ya bima ilikuwa haijawahi kufika kwa mhasibu wetu, ilikuwa chini ya godoro langu, imelala vizuri kuliko mimi. Miaka mitatu nikakatwa zaidi ya ninavyopaswa. Mwenzangu wa kazini aliponiambia naweza kuomba nirudishiwe, nikajaza fomu kwenye simu, nikakosea nenosiri mara saba, nikaituma, nikangoja. Ijumaa moja ujumbe ukaingia: ombi lako limekubaliwa. Limekubaliwa tu, jameni, pesa zenyewe bado, lakini mimi nilikuwa nishaanza kuzitembelea akilini. Kesho yake nikaenda Gikomba nikajinunulia gauni la rangi ya damu ya mzee kwa pesa iliyokuwa na kazi nyingine (hiyo kazi nyingine tutaifikia).

Jumapili, mchungaji akauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Kazini tunasema tax, sokoni tunasema tax, hata mama yangu kule Bungoma husema tax. Lakini mimi na lile gauni, kipaza sauti mkononi, nikajiona mtangazaji wa taarifa ya habari, nikaamua leo watasikia Kiswahili.

"Wapendwa," nikasema, "kwa miaka mitatu nimekuwa nikilipa kodi kupita kiasi, na anayepokea amekaa kimya! Lakini nimefuatilia haki yangu, na sasa nimerudishiwa! Kila kilicholiwa kitatapikwa!"

Kanisa likalipuka kwa makofi. Kisha nikaona watu wanageuza shingo, mmoja baada ya mwingine, kuelekea benchi la pili, alipokaa Mama Truphosa, ambaye ndiye mwenye ploti ninayoishi. Nikadhani wanatazama saa iliyo ukutani juu ya kichwa chake.

Nilipotoka, Otis akanishika getini. Otis ni jirani yangu wa chumba namba nne, fundi wa vyuma, karakana yake iko Shauri Moyo.

"Niaje, Mama Sheila! Leo umewaka moto! Hiyo maneno ya kodi, hata mimi naweza rudishiwa?"

"Hata wewe, mradi uwe unalipa."

"Mimi? Kila mwezi!"

Hapo nilishangaa kidogo, maana Otis hana mwajiri wa kumkata, lakini nikasema kumbe huyu ni mfanyabiashara mwaminifu, nikamheshimu sana.

"Basi leta karatasi zote za malipo. Unaweza kurudi nyuma hata miaka mitano."

"Miaka mitano!" Otis akashika ukuta. "Weh! Wacha niambie wasee."

Ningesema hapana, tungekuwa tunaongea mambo mengine leo. Lakini nikajibu kwa sauti ya ukarimu, "Waambie. Jumamosi saa nne, ukumbi wa kanisa, nitawasaidia wote bure."

Wiki hiyo nilikuwa mtu mkubwa. Watu ambao hawakujua jina langu wakanisalimia kwa kunong'ona, mzee mmoja akanivulia kofia. Mama Truphosa peke yake ndiye aliyebadilika, tukikutana mferejini anaitikia salamu akiangalia ndoo, na mimi (Mungu anisamehe) nikajiambia ni wivu, watu wengine hawapendi kuona mwenzao akiinuka.

Jumamosi nilitarajia watu watano. Nikakuta ukumbi umejaa mpaka wengine wamekaa madirishani. Nyanya mmoja alikuwa amebeba karatasi kwenye kikapu, mwingine ametunga zake kwenye waya kama samaki. Nikavaa miwani, nikamwita Otis awe wa kwanza. Akaniwekea furushi mezani. Nikachukua ya juu, nikasoma: chumba namba nne, mwezi wa tatu.

"Otis, hii ni risiti ya nyumba."

"Ndio. Si ni kodi?"

"Mimi nasema kodi ya serikali. Ile ya kwenye mshahara."

Otis akaichukua risiti yake, akaigeuza mbele na nyuma.

"Unamaanisha tax?"

"Eeh."

"Sasa si ungesema tu tax, Mama Sheila! Umetutoa job Jumamosi ndio utuambie ni tax!"

Walianza kupiga kelele, na ningependa kuwaambia kwamba aibu yangu iliishia hapo, lakini mlango ulifunguka, na Mama Truphosa akaingia amevaa kitambaa chake cha kanisani, watu wakampisha wakidhani wataona vita. Akaja mpaka mezani. Hakuwa amekuja kugombana. Alikuwa ameshika bahasha.

"Nafula, mwanangu," akaniambia, "wiki nzima nimejiuliza nilikudhulumu lini. Sikumbuki, lakini mimi nimezeeka, inawezekana nilikosea. Hizi ni pesa zangu za chama cha akina mama. Niambie nilikutoza ngapi zaidi nikurudishie hapa mbele ya watu, jina langu lipone."

Jameni. Huyu ndiye mama ambaye kiwanda kilipofungwa miezi miwili hakunidai hata senti, na bado alikuwa akimtuma mjukuu wake na unga wa ugali. Nililia pale pale, miwani ikajaa machozi. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, bima, makato, fomu, gauni, mtangazaji wa habari.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, mama. Ni serikali."

Akashusha pumzi, akaikunja bahasha akaitia kifuani. Kisha akaniinamia. "Na hiyo ya serikali umeshapata?"

"Bado."

"Bado? Na ukashuhudia?"

Ndipo ukumbi mzima ulipocheka, na kicheko kile kilinifuata mpaka chumbani.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi nijisahihishe. Mchungaji alishika kipaza sauti mwenyewe, hakukiachilia, nikainama nikasema, "Nilimaanisha tax. Mama Truphosa hajawahi kula hata shilingi yangu," nikakaa. Kisha Mama Truphosa akainuka na yeye. Akamshukuru Mungu kwa kulisafisha jina lake, akawashukuru na wapangaji wake kwa kutunza risiti vizuri, "kwa sababu Jumamosi nilizilinganisha zote na daftari langu," akasema, "nikaona kuna wawili hawana ya mwezi huu. Mmoja ni fundi. Mwingine ndiye mwenye ushuhuda."

(Hiyo ndiyo kazi nyingine ya pesa ya gauni.)

Tangu siku hiyo nalipa nyumba tarehe moja asubuhi, na nikiitwa kushuhudia nasema nimeamka salama, basi. Pesa za makato zilikuja baadaye, kweli zilikuja. Nilimwambia mtu mmoja tu, Mama Truphosa, tena sikioni, na nikasema tax.