Kitabu Nilichomjalidia Mzee Mayala

Mzee Mayala alikuwa mgomvi wa vitabu. Naanza na hilo kwa sababu tangu afariki watu wanamsema kama malaika, na mimi malaika wa namna ile sijapata kumwona. Ukimwambia umesoma kitabu, anakuuliza kinaishaje. Ukisema hujafika mwisho, anakujibu, "Basi nyamaza mpaka ufike." Hakuwa na dogo.

Alifanya kazi miaka ishirini na mitatu katika kiwanda cha nguo kule Nyakato, upande wa mashine za kufuma. Mambo yakawa ruksa, mitumba ikajaa sokoni, kiwanda kikaambiwa kinangoja mnunuzi. Wakati kinangoja, watu wakapunguzwa, na yeye akawamo. Akarudi Mkolani na sanduku la vitabu kwa mke aliyekuwa mgonjwa. Mke akafa mwaka uliofuata. Akabaki na binti yake Queen, aliyekuwa bado anasoma, na lile sanduku.

Kilichomweka hai ni baraza la Natvarlal. Natvarlal alikuwa na duka la vifaa vya shule pale mjini, yeye na baba yake wote wazaliwa wa Mwanza. Jumamosi alikuwa anafunga saa nane mchana, halafu anatutolea mabenchi na birika la chai ya maziwa. Tulikuwa saba au wanane, watu wa kawaida tu. Kila mmoja anasema anasoma nini juma hilo, kinahusu nini, kizuri au takataka. Kisha anamchagulia mwenzake, anampa kitabu mkononi na kumwambia, "Chukua, usome, urudi useme." Ukishapokea huna ujanja. Jumamosi inayofuata unasimama na kusema.

Sheria ilikuwa moja, na aliyeitunga ni Mayala mwenyewe: atakayesimama kusema kitabu asichokisoma, aondoke barazani asirudi. "Asiyesoma asituchoshe," alisema. Tukaipigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, mjinga mimi.

Jina langu ni Nkwabi, kazi yangu kujalidi vitabu. Nilikuwa fundi wa kiwanda cha chapa kilichofungwa, nikabaki nyumbani nashonea wafanyabiashara madaftari ya mahesabu na kuyawekea majalada magumu. Halafu zikaingia kaunta buku kutoka nje, nzuri, za bei ya bure. Nani tena amtafute Nkwabi? Nikawa nabandika Biblia za watu zilizoachana.

Sasa, Jumamosi moja nilisimama kusifia kitabu kinene nilichokuwa nimekijalidi upya. Nilisifu weee! Mayala akanyoosha kidole. "Kinaishaje?" Nikababaika. Nilikuwa nimefika nusu, tena nusu yenyewe ya kuruka-ruka. Akaangua kicheko akasema, "Mwacheni. Huyu ni fundi wa magamba, ya ndani hayajui." Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza! Kuanzia siku ile nikawa Magamba. Getruda wa posta, mwenzetu wa barazani, ananiita Magamba, muuza dagaa wa mtaani kwangu ananiita Magamba, hadi mke wangu akikasirika. Niliumia, nasema kweli. Mtu umeshapoteza kazi, halafu unapewa na jina.

Basi mwaka tisini na sita, shule moja ya binafsi ikafunguliwa upande wa Mkolani. Mwenye shule alikuwa ameletewa kontena la vitabu kutoka ng'ambo, akataka mtu wa kuvitunza maktaba, mshahara wa kila mwezi. Akamwomba Natvarlal amtafutie mtu anayevipenda vitabu. Natvarlal akatutangazia barazani kwamba atachagua miongoni mwetu, Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, kwa kutusikiliza tunavyosema vitabu vyetu. Wengi walikuwa na kazi zao. Waliohitaji tulikuwa wawili, mimi na Mayala. Na kwa kusema, nani angemweza Mayala?

Lakini mimi nilikuwa na jambo langu. Miezi miwili kabla, Mayala alirudisha kitabu akalisifu jalada lake la buluu. Lile jalada nilikuwa nimelibadilisha mimi mwenyewe juma lile lile, likawa jekundu kama nyanya. Wenzangu walidhani anatania. Mimi nikatulia. Siku ya pili nikajitia napita Mkolani, nikasimama nje ya ua wake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, Queen anamsomea kwa sauti. Mzee ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nikamsikia Queen akisema, "Baba, ukipata kazi tu, kitu cha kwanza ni hospitali. Daktari alisema wanatoa, unaona tena." Mzee akamwambia, "Soma wewe. Barazani wasijue." Nikaondoka bila kubisha hodi.

Kwa hiyo nilijua. Msinitafutie udhuru, nilijua yote.

Juma lile la mwisho Queen alikuwa Usagara, shangazi yake amejifungua, amekwenda kumsaidia. Nalo hilo nilijua. Nikakata karatasi nyeupe, nikazishona kurasa mia mbili, nikaweka gundi, jalada la kitambaa cha kijani, na mgongoni nikapiga jina la kubuni kwa herufi za dhahabu. Kazi safi kuliko zote nilizopata kufanya. Ndani hakuna hata nukta. Jumamosi iliyotangulia ile ya kuchaguliwa nikampa mkononi mbele ya watu. "Mzee Mayala, chukua, usome, urudi useme." Akapapasa mgongo wa kitabu, akanusa gundi, akatabasamu. "Kinene," akasema. "Vizuri." Niliyemnong'oneza siri ni Jonathan peke yake, mwenzetu karani wa forodha, mtu wa kupenda vichekesho.

Mnajua angeweza kufanya nini? Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kusema kitabu kimelowa mvua. Lakini Natvarlal alikuwa anachagua Jumamosi ile, na macho yake yalikuwa ndani ya kazi ile. Akaja. Kofia imeshushwa hadi nyusi kama kawaida yake, shati limepigwa pasi kwa mkono wa mtu asiyeona, mkunjo mmoja huku mwingine kule. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema, nikasema vyangu vya kawaida. Akasimama yeye, kitabu kifuani.

Akasema ni habari za mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mtu huyo alikuwa na sikio la ajabu. Mashine mia zinanguruma, uzi mmoja ukikatika, anasikia umekatika wapi. Kiwanda kikafungwa. Akarudi nyumbani akashindwa kulala, maana kimya kilikuwa kinampigia kelele. Siku ya nne mkewe akaamka, akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia, akaanza kusaga ili mume apate mngurumo wa kulalia. Mtama ulikuwa umekwisha ndani. Yule mwanamke alisaga jiwe tupu, kila usiku, miezi saba, na hakuwahi kumwambia mumewe kwamba hakuna nafaka. Mume akawa analala. Mke ndiye aliyekonda. Siku mume alipoamka kwa sababu ya kimya, akajua.

Mayala akapapasa jalada. "Kinaishia hapo," akasema. "Nawashauri wote mkisome."

Getruda alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Natvarlal alikuwa ameshika kikombe bila kunywa, na nilimwona usoni kwamba ameshachagua. Mama yangu wee, nilisikia wivu! Mtu hana kitabu, hana macho, na bado ananishinda.

Nikasema, "Mzee Mayala, umetugusa. Tusomee basi mistari miwili, tusikie mwandishi anavyoanza."

"Miwani nimesahau, Nkwabi."

"Hapana neno. Tuonyeshe tu ulipoanzia, Jonathan atusomee."

Akafungua. Vidole vikahesabu karatasi mbili za mwanzo, akaugeuza kitabu kwetu, akaweka kidole juu kabisa, kushoto, mahali ambapo mstari wa kwanza ungekuwa. "Hapa," akasema. "Soma hapa, Jonathan."

Kidole kilikuwa juu ya karatasi nyeupe pe.

Jonathan alipasuka kicheko hadi chai ikamtoka puani. Wengine wakasogea, wakaona, wakakidaka kicheko. Getruda naye, machozi hayajamkauka, akacheka akijipiga mapajani. Na yule mzee katikati yetu, kitabu kimeinuliwa, kidole hakitoki. "Ukurasa sio?" akauliza. Akageuza mwingine, akaweka kidole tena. Watu wakaishiwa nguvu. Mimi nilicheka nikashika nguzo. Nilicheka, sifichi, na kilikuwa kicheko kitamu.

Akasema polepole, "Nimekosea wapi?"

Hapo ndipo mmoja mmoja wakamtazama macho, wakayaona yalivyo meupe, na kicheko kikakatika. Natvarlal akaweka kikombe chini. Akakichukua kitabu, akakifungua ukurasa kwa ukurasa mpaka wa mwisho, hana haraka, kisha akanitazama. Nilidhani atasema. Akamrudishia Mayala mkononi na kumwambia, "Umechanganya vitabu, mzee wangu. Hiki kinasema habari nyingine. Hutokea."

"Basi nimesema kitabu nisichokisoma," Mayala akasema.

"Hutokea, mzee. Kaa."

"Sheria ni sheria, Natvarlal. Niliitunga mimi." Akavaa kofia. "Niachieni hiki nikakisome vizuri. Sijapata kurudisha kitabu bila kukisoma." Akashuka ngazi kwa kupapasa na mguu, kwa kuwa hakukuwa tena na sababu ya kuficha. Hakuna aliyeinuka kumshika mkono. Tulikuwa tunaangalia viatu vyetu.

Natvarlal akakusanya vikombe. Akaniambia kwa sauti ile ile ya kuuzia penseli, "Kazi nenda wewe, Nkwabi. Wewe macho unayo."

Nikaenda. Mlitaka nikatae? Nilikuwa na watoto wanne.

Jumatano ya kwanza nikiwa maktaba, Queen akasimama mlangoni na sare yake ya shule, kitabu cha kijani kwapani. "Shikamoo."

"Marahaba. Baba hajambo?"

"Baba anataka nimsomee hiki, ajue alikosea wapi." Akakifungua mbele yangu juu ya meza. "Hajui. Hakuna aliyemwambia, wala mimi sitamwambia. Nimekuja kuuliza, nimsomee nini?"

Nikamwambia amsomee ile ile ya baba yake, ya mfanyakazi na jiwe la kusagia.

"We mzee vipi? Nikimsomea aliyoyatunga mwenyewe si atagundua papo hapo?" Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. "Niambie alisema nini, yote, ili nisiguse hata neno."

Nikamwambia. Ajabu ni kwamba nilikuwa nayakumbuka yote, neno kwa neno. Nilipofika kwa yule mwanamke wa jiwe tupu, Queen akainamisha kichwa. "Huyo ni mama," akasema. Kisha akaondoka na kitabu chake.

Alikisoma siku arobaini. Kila jioni, akitoka shule, anakaa mbele ya baba yake na kutunga, huku anageuza kurasa kwa kipimo, maana mzee anasikia karatasi. Hakuweza kufupisha. Mzee alikuwa ameshapima unene kwa kidole gumba, na kila wakati anauliza wamebakiza kiasi gani. Kurasa mia mbili! Laiti ningeshona hamsini. Mtihani wa kidato cha pili Queen aliufeli mwaka ule, na wakati ule ukifeli ndio basi. Mambo ya hospitali hayakutajwa tena.

Siku alipomaliza, mzee akataka aletwe shuleni kwangu. Queen akamwongoza hadi kwenye meza yangu. Nikasimama. "Shikamoo, Mzee Mayala."

"Marahaba, Nkwabi. Kaa, mimi sikai." Alikuwa amekishika kitabu kwa mikono yote miwili. "Nimekisoma chote. Aise! Sijapata kusoma kitabu kama hiki maishani mwangu. Nilichowasimulia kule barazani kilikuwa upuuzi mtupu, nashangaa mlivyonivumilia." Akacheka. "Nkwabi, nilikuonea siku ile. Nilisema wewe hujui ya ndani. Mtu anayeweza kumchagulia mwenzake kitabu kama hiki anajua ya ndani kuliko sisi wote. Unisamehe. Wabeja sana, nashukuru."

Nikamtazama Queen. Alikuwa ananitazama, macho makavu, ananingoja nithubutu kusema kweli.

Mzee akaninyooshea kitabu changu. "Najua na wewe hukukimaliza, nakufahamu," akasema. "Kwa hiyo chukua, usome, urudi useme."

Nikapokea.

"Jumamosi?" akauliza. "Nitamwomba Natvarlal anisamehe sheria, nije kukusikiliza tu."

"Jumamosi, mzee," nikasema.

Baraza lilikuwa limeshakufa zamani; tangu siku ile hakuna aliyerudi pale, na yeye hakujua. Getruda, aliyesikia kwa Natvarlal, ndiye aliyenihadithia baadaye. Mayala alifika saa nane na kofia yake. Natvarlal akamtolea benchi moja na chai, akamwambia wengine watachelewa. Alikaa mpaka magharibi, kila kishindo cha mguu barabarani anainua kichwa na kuuliza, "Ni Nkwabi huyo?"

Mimi nilikuwa nyumbani. Sikwenda.